Deni la Wapendanao

Hapana hadithi inayopata wasikilizaji upesi kama hadithi ya mapenzi. Mzee huisikiliza kwa kukumbuka, kijana huisikiliza kwa kutarajia, na hata yule asemaye kwamba mambo hayo hayamhusu hutega sikio moja. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa sinema huipenda hadithi hii kuliko nyingine zote, na aghalabu huichukua pale ilipoharibika: mume na mke wasiopatana, ahadi iliyovunjwa, mauti yanayofika kabla ya suluhu. Lakini huenda nawe, msomaji, umepata kutazama sinema ya namna hiyo ukatoka na moyo mtupu. Picha zilikuwa nzuri, wachezaji walikuwa hodari, machozi pengine yalikutoka. Na bado ulihisi kwamba umenyimwa kitu. Ni kitu gani hicho? Swali hili si dogo. Mtu anayejua kwa nini hadithi ya mapenzi imemvunja moyo amekwisha kujua sehemu kubwa ya mapenzi yenyewe.

Nitachukua mfano wa sinema moja iliyopigwa hapa hapa Kenya. Jina lake ni Out of Africa. Ilitolewa mwaka 1985, ikaongozwa na Sydney Pollack, na wakuu wa mchezo ni Meryl Streep na Robert Redford. Muda wake ni zaidi ya saa mbili na nusu. Huko Marekani ilipewa tuzo 7 za Oscar, mojawapo ikiwa ile ya sinema bora ya mwaka. Kwa kuwa imesifiwa na wengi namna hiyo, hatutaionea tukiipima. Na kwa kuwa nchi inayoonekana ndani yake ni yetu, tunayo haki ya kuipima.

Habari yake ni hii. Mwanamke wa Denmark, jina lake Karen, anakuja Afrika Mashariki kuolewa na Bror Blixen, mtu wa ukoo mkubwa asiye na mali. Wanaanza shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong. Ndoa hiyo haina mapenzi. Mume anapenda kuwinda na anapenda wanawake wengine, na mwishowe anamwambukiza mkewe ugonjwa wa kaswende. Baada ya hapo Karen anampenda Mwingereza mmoja, Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani. Denys huja apendapo na kuondoka apendapo. Karen anataka wafunge ndoa; Denys anakataa, kwa kuwa hataki kuishi maisha yaliyopangwa na mtu mwingine. Wanagombana, wanaachana. Kiwanda cha kahawa kinaungua, mali inakwisha, na kabla Karen hajaondoka Denys anafariki katika ajali ya ndege.

Watu hawa hawakubuniwa. Karen alifika mwaka 1914, akapewa talaka mwaka 1925. Denys alifariki Voi tarehe 14 Mei 1931, na mwaka huo huo Karen alirudi kwao. Kitabu alichokitoa mwaka 1937, ambacho sinema imechukua jina lake, hakisemi waziwazi kwamba wawili hao walikuwa wapenzi. Mapenzi hayo watengenezaji waliyatafuta katika vitabu vingine vilivyoandikwa juu ya maisha yao.

Uzuri wa sinema hii hauwezi kukanwa. Vilima, mbuga, mvua na jua la jioni vimepigwa picha kwa ustadi mkubwa. Lakini wewe unayesoma Kisii au Nyamira huna haja ya kufundishwa tofauti ya uzuri wa nje na uimara wa ndani. Kule Tabaka jiwe laini huchimbwa, likachongwa, likasuguliwa kwa maji na msasa mpaka likang'aa. Miongoni mwa sanamu zinazochongwa huko ni ile ya watu wawili waliokumbatiana. Mchongaji hodari hulichunguza jiwe kabla ya kulichonga, kwani ajua kwamba ufa uliomo ndani hauponywi na msasa. Basi na tuutafute ufa wa sinema hii.

Wapo watakaosema kwamba sinema inavunja moyo kwa sababu wapenzi hawakupatana. Sababu hiyo haitoshi. Katika mchezo wa Shakespeare wa Romeo na Juliet wapenzi wote wawili wanakufa, na kwa zaidi ya miaka mia nne watu wameutazama bila ya kuona kwamba wamepunjwa. Katika mchezo ule, mauti ya vijana wawili yanazifanya koo mbili zilizokuwa maadui ziinue macho na kuona zilichokitenda. Huzuni yenye maana haimvunji mtu moyo, humkomaza. Wengine watasema kwamba Redford alimcheza Mwingereza kwa matamshi ya Kimarekani. Ni kweli, lakini matamshi ni ganda, na ganda baya halijapata kuiharibu njugu iliyo nzima.

Kwa maoni yangu ufa uko hapa: sinema hii inasimulia mapenzi kana kwamba wapendanao hawadaiwi kitu. Hawadaiani wao kwa wao, wala hawadaiwi na wale wanaowazunguka. Na mapenzi yasiyodaiwa kitu, hata yakipambwa kwa vilima vyote vya dunia, ni madogo.

Mtazame kwanza Denys. Sinema inamwonyesha kuwa mtu huru, nayo inaupenda uhuru wake. Naam, uhuru ni kitu chema, na taifa letu limemwaga damu kwa ajili yake. Lakini uliza ni nani anayeulipia uhuru huu. Denys akienda porini, Karen hubaki na shamba, madeni, ugonjwa na kungoja. Denys akirudi, hukuta nyumba, chakula, taa na masikio ya kusikiliza habari zake. Uhuru wa namna hiyo ni sawa na wa mtu anayelala kila mara katika nyumba ya rafiki yake, kisha akajisifu kwamba yeye hana kodi ya kulipa. Kodi ipo, analipa mwingine. Kwa haki, pako mahali pamoja ambapo Karen anajitetea vizuri, akamwambia Denys kwamba vitu vya thamani vina gharama, na kwamba yeye anataka kuwa kimoja cha vitu hivyo. Hapo hadithi ilifika mlangoni pa ukweli. Lakini haikuingia. Denys anaondoka, na anapoanza kulegea, mauti yanakuja kumfutia hesabu. Mtazamaji anaachwa amlilie mdaiwa, na swali la deni linazikwa pamoja naye.

Watazame pili watu waliowazunguka wawili hawa. Katika mashamba ya walowezi waliishi Waafrika walioitwa maskwota. Waliruhusiwa kukaa na kulima kipande kidogo, kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kila mwaka. Wakikuyu wa shamba la Karen walikuwa katika hali hiyo, kwenye ardhi ambayo kabla ya hapo hawakumlipa mtu yeyote kwa kuikanyaga. Ni mikono yao iliyochuma kahawa, iliyobeba maji, iliyowasha moto ambao wapenzi waliota wakisimuliana hadithi. Katika sinema wanaonekana, lakini wanaonekana kama miti inavyoonekana. Tunajua Karen anamkosa nani usiku. Hatujui yeyote kati yao anamkosa nani.

Na liko jambo moja linalozidi yote kwa uzito. Ndege ile iliyoanguka Voi mwaka 1931 haikuwa na mtu mmoja. Alikuwamo pia Kamau, mtumishi wa Denys, Mkikuyu, naye alikufa papo hapo pamoja na bwana wake. Ndege moja, moto mmoja, maiti mbili. Sinema inamlilia mmoja. Inatupeleka kaburini Ngong, inatusikilizisha maneno ya kumwaga Denys, inatuachia huzuni ya Karen. Hatuambiwi kwamba Kamau naye alikuwa na watu waliokuwa wakimtazamia arudi. Nakuuliza, msomaji: hadithi inayotaka tuyaheshimu mapenzi, ikimsahau mtu aliyekufa kando ya mpenzi wake, je, inayajua mapenzi, au inajua machozi tu?

Sasa njoo nami upande wa magharibi, tuache Ngong, twende katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ambazo leo ni kaunti mbili, lakini zamani zile zilihesabiwa kuwa nchi moja ya Abagusii. Nataka tutazame kama huko, katika miaka iyo hiyo, hapakuwa na mapenzi yenye taabu ambayo hayakupata mpiga picha.

Mwaka 1905 serikali ya Waingereza ilipeleka askari dhidi ya Wakisii, watu wakauawa na mifugo ikatwaliwa. Januari 1908 kijana wa Kitutu, Otenyo, aliyechochewa na maneno ya nabii Moraa, alimchoma mkuki mtawala wa Kiingereza, Northcote. Northcote alipona, lakini askari walitumwa tena, nyumba zikachomwa, na ng'ombe kwa maelfu wakaswagwa. Septemba 1914, mwaka ule ule alioolewa Karen, vita vya Wazungu vilifika Kisii penyewe: Wajerumani waliingia mjini, na tarehe 12 mwezi huo wakapigana huko na jeshi la Waingereza. Baadaye wanaume wengi wa nchi hiyo walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wako wasiorudi. Katika sinema, vita hivyo vinampa Karen safari moja ya kishujaa ya kupeleka magari ya kukokotwa na ng'ombe kwa jeshi. Kisii, vita hivyo vilitwaa waume.

Utauliza, ng'ombe wana uhusiano gani na mapenzi? Wana uhusiano mkubwa. Kwa Mkisii wa siku zile ng'ombe hakuwa nyama na maziwa tu. Alikuwa neno la ndoa. Kijana hakuweza kuoa katika ukoo wake mwenyewe. Ilimpasa aende katika ukoo mwingine, mara nyingi ukoo ambao wazee wake walikuwa wamepigana nao, hata ikawako kauli kwamba watu tunaooa kwao ndio tunaopigana nao. Kwa sababu hiyo alihitajiwa mjumbe, ndiye esigani, aende akatazame tabia ya watu wa upande wa pili na kupeleka maneno ya pande zote. Ndipo mahari ya ng'ombe ikatolewa. Na ng'ombe walioingia kwa ajili ya binti ndio waliomwezesha kaka yake naye kuoa. Ndoa ilipokamilishwa kwa sherehe ya enyangi, mke alivishwa miguuni pete za chuma ziitwazo ebitinge, watu wote wakajua kwamba ahadi hii ina mashahidi.

Basi fikiri maana ya kuswaga ng'ombe wa nchi nzima. Zizi lililobaki tupu mwaka 1908 halikuwa hasara ya mtu mmoja. Kijana aliyetarajia kuoa alikaa, msichana aliyetarajia kuolewa alingoja, na kaka yake msichana akangoja nyuma yake. Ahadi zilizokuwa zimefungwa kwa miaka zilikatika kwa asubuhi moja, na hakuna aliyezikata kwa kukosa kupenda. Hayo nayo yalikuwa mapenzi yenye taabu, na taabu yao haikutoka katika ukaidi wa moyo wa mtu anayeogopa kufungwa. Ilitoka kwa wale walioshika bunduki. Wenye sinema hawakuwajibika kusimulia habari za Kisii. Lakini wewe uliyezisikia unajua sasa kwamba palikuwa na namna nyingine ya kupenda katika nchi hii, namna iliyojua tangu mwanzo kwamba wawili hawapendani peke yao.

Lakini nisije nikakudanganya kwamba ya kale yote yalikuwa dhahabu. Ikiwa mapenzi yasiyodaiwa kitu ni madogo, deni lisilo na mapenzi ndani yake ni kifungo. Wapo wasichana walioozwa wasiowataka, kwa sababu ng'ombe wamekwisha kuhesabiwa na kaka anangoja zamu yake. Wapo vijana maskini waliopenda kweli wakashindwa na mahari, na wengine wakatoroka pamoja usiku. Mwanamke aliyelia ndani ya desturi hakuwa na uchungu mdogo kuliko Karen aliyelia nje yake. Kwa hiyo Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imesema kwamba ndoa ni mapatano ya hiari, na kwamba hapana anayeweza kuolewa au kuoa kabla ya kutimiza miaka 18. Na mahali ambapo desturi hudai mahari, imekubali kwamba kiasi kidogo cha kuonyesha nia kinatosha kuithibitisha ndoa. Sheria hiyo haikuifuta mahari wala haikuwafuta mashahidi. Imesema tu kwamba deni la ndoa halilipwi kwa mwili wa mtu asiyetaka.

Kwa hiyo ukweli uko kati ya mambo mawili. Denys aliitaka hiari bila ya deni, na mzazi mkali alilitaka deni bila ya hiari. Kila mmoja alishika nusu ya kitu kizima akadhani anacho chote. Mapenzi kamili ni deni ambalo mtu amelichukua kwa hiari yake mwenyewe, akijua ukubwa wake, na akalilipa siku baada ya siku bila ya kushurutishwa.

Nasikia ukinipinga, na ni vema upinge, maana insha isiyopingwa haijasomwa. Utasema: "Sinema haiwezi kubeba kila mtu. Ukianza kumsimulia kila mtumishi na kila jirani, hadithi ya wawili itazama." Neno lako lina nguvu. Msanii ana haki ya kuchagua, kama mpishi alivyo na haki ya kuchagua viungo. Lakini sikuomba sinema iwasimulie wote. Naiomba ijue kwamba wapo. Maneno machache juu ya Kamau kando ya kaburi yasingalichukua hata dakika moja, nayo yangalibadili uzito wa dakika zote zilizotangulia. Tungaliona kwamba uhuru wa Denys ulikuwa na abiria.

Tena sinema yenyewe inanipa ushahidi. Karibu na mwisho, Karen aliyefilisika anakwenda katika karamu ya kumpokea gavana mpya, na mbele ya wakubwa wote anapiga magoti, akiomba watu wa shamba lake wapewe ardhi wasije wakatawanywa. Wakubwa wanaona haya, lakini yeye hainuki mpaka apate neno. Hapana busu katika tendo hilo, wala muziki wa ndege angani. Na bado mimi naliona kuwa tendo la mapenzi makubwa kuliko yote katika sinema ile. Hapo mtu ametambua kwamba anadaiwa. Hakulitambua deni lote, kwa kuwa ardhi ile haikuwa yake ya kuombea. Ila amelitambua kiasi, na kiasi hicho kimetosha kumfanya aonekane mkubwa. Lau sinema nzima ingalipiga magoti kama Karen alivyopiga, tusingalitoka na moyo mtupu.

Wewe, msomaji, umo katika umri ambao mapenzi hugonga mlango kabla ya kualikwa. Utaona sinema nyingi zaidi ya hii, na nyingi zitakufundisha kwamba ugomvi ni dalili ya kupenda sana, kwamba anayekuacha ukingoja ndiye wa kutamaniwa, na kwamba watu wote wengine ni pazia nyuma ya wawili. Usizikimbie sinema hizo. Zitazame, ila uwe na mizani mkononi. Uliza: raha hii inalipiwa na nani? Ni nani anayengoja ili mwingine awe huru? Ni nani aliyekufa bila ya kutajwa? Utakapokwisha kuzoea kuuliza hivyo mbele ya picha, utaweza kuuliza hivyo hivyo mbele ya moyo wako, ambako majibu ni magumu zaidi na hasara yake ni kubwa zaidi.

Maana siku itafika ambapo mtu atakuambia kwamba anakupenda, au wewe utamwambia mtu hivyo. Neno hilo ni jepesi kutamka kama jani la chai lilivyo jepesi kuchuma. Lakini mchumaji wa Kebirigo au Nyansiongo ajua kwamba kikapu hakijazwi na jani moja, wala kazi haiishi kwa siku moja. Basi kabla hujalitamka, watazame wale watakaolibeba neno hilo pamoja nawe: mwenzio, wazazi wake na wako, wadogo zenu, na watoto ambao hawajazaliwa. Ukiona kwamba uko tayari kudaiwa na hao wote, tena kwa furaha, litamke bila ya hofu. Ukiona kwamba unataka kupendwa bila ya kudaiwa, nyamaza kwanza, ukue.